Wasia wa Mume na Mke

Neno wasia, ambalo baadhi yetu hulitamka wosia na wengine usia, limechukua katika lugha ya Kiswahili mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Mzigo wa kwanza ni maneno ya mkubwa kwa mdogo: ishi hivi, shika hili, jihadhari na lile. Mzigo wa pili ni agizo la mtu juu ya mali yake, litimizwe akiisha kufa. Wageni waliotafsiri maandishi yetu walilazimika kuchagua mzigo mmoja na kuutua mwingine. Sisi tumeibeba yote miwili tangu zamani, wala sioni kwamba kufanya hivyo ni upungufu wa lugha, kwa sababu mzazi agawaye mali yake husema neno juu ya maisha yake, atake asitake. Lakini iko hasara. Watu wengi wamekufa wakiamini kwamba wameusia kwa kuwa walinena, na waliobaki wakaja kuambiwa na hakimu kwamba marehemu alitoa nasaha tu.

Katika makala hii nataka kulifuata swali moja. Mume na mke waliozeeka pamoja, ambao watoto wao wamekwisha kuwa watu wazima wenye nyumba zao, wanapokaa kitako kutengeneza wasia, ni nani kati yao anayeusia? Swali laonekana jepesi, na wengi watajibu upesi kwamba ni wote wawili. Historia yetu haijibu upesi hivyo. Katika maandishi ya pwani na ya bara nimemkuta mke katika nafasi tatu: mwenye wasia, shahidi wa wasia wa mwingine, na mtu asiyeulizwa. Na kinyume cha dhana iliyoenea, hakuanzia chini akapanda juu mwaka baada ya mwaka. Mara alikuwa juu, mara akashushwa, na aliyemshusha hakuwa daima yule tunayemshuku.

Tuanze na wasia ulio mashuhuri kuliko wote katika fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyempinga Seyyid Said kwa silaha, alitunga utenzi wake mwaka 1858, mgonjwa, ajue kwamba siku zake si nyingi. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza jina lenye maana ya nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo wanafunzi wamezoea kuuliza kama nasaha zile ni za utumwa wa mwanamke au za hekima yake. Mjadala huo umekwisha kunichosha. Mimi huuliza jambo jingine: mbona mama yule hakusema lolote katika beti zake juu ya mali?

Jibu nililo nalo ni hili. Hakuwa na haja. Mwanamke Mwislamu wa Pate au Siyu mwaka 1858 alikuwa na mali yake mbali na ya mumewe, na sheria ya Kishafii iliyofuatwa pwani ilikuwa imekwisha kugawa urithi wake kabla hajafungua kinywa. Mume akifa na kuacha watoto, mke hupata thumuni. Mke akifa na kuacha watoto, mume hupata robo. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Mtu huruhusiwa kuusia theluthi ya mali yake tu, na theluthi hiyo haiwezi kumwendea mrithi ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Basi Mwana Kupona hangeweza kumwusia Mwana Hashima shamba hata angetaka, pasipo ridhaa ya ndugu zake. Kilichobaki katika uwezo wake ni maneno, naye akayatia katika maneno yote aliyokuwa nayo.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana linganisho moja hutufunza kuliko hotuba ndefu. Mwaka uo huo wa 1858, mke wa Kiingereza hakuweza kwa kawaida ya sheria ya kwao kuusia vitu vyake pasipo idhini ya mumewe. Sheria ya Uingereza ya wasia ya mwaka 1837 ilikuwa imemwacha katika hali hiyo, wala hakufunguliwa barabara mpaka ilipopitishwa sheria ya mali ya wanawake walioolewa, mwaka 1882. Kwa hiyo, wakati taifa lile lilipokuja kututawala na kutufundisha ustaarabu, uhuru wa mke wake mwenyewe kuandika wasia ulikuwa bado mchanga kuliko binti wa miaka ishirini. Wala sisemi haya ili kuisifu mno pwani ya zama zile. Katika mali alizokuwa nazo bibi wa Kiswahili, na alizoweza kuusia, walikuwamo wanadamu. Haki ya mmoja ilisimama juu ya shingo ya mwingine, na mwanahistoria asiyelitaja hilo anaandika sifa, haandiki historia.

Mke wa pwani, basi, alikuwa mwenye wasia. Lakini alikuwa na shida moja ambayo thumuni haikuimaliza, nayo ni nyumba. Mume akifa, nyumba ikiwa ya mume, thumuni ya nyumba haifanyi chumba cha kulala. Mwenye watoto wema alikaa. Mwenye watoto wa kambo aliweza kutolewa siku eda inapokwisha. Msomaji wa Kurani anajua kwamba katika Surat al-Baqara iko aya inayowataka waume wawausie wake zao matunzo ya mwaka mmoja pasipo kutolewa nyumbani, na anajua pia kwamba wanazuoni walio wengi waliona kuwa hukumu yake ilifutwa na aya za mirathi na za eda. Sina elimu ya kuingia katika ubishi wao. Natambua tu kwamba shida yenyewe ni ya kale kiasi hicho.

Watu wa pwani walitafuta dawa yake katika wakfu. Mtu aliiweka nyumba yake wakfu kwa mkewe na watoto wake na vizazi vyao, na mwisho wao wakikatika iende kwa maskini au kwa msikiti. Nyumba haikuuzwa, haikugawanywa, na wajane walikaa. Dawa hii ilitiwa uchungu na mahakama ya mwisho ya Dola ya Kiingereza, iliyokaa London, ambayo mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengali, iliamua kwamba wakfu ambao maskini wanangojea mpaka ukoo wote ufe si sadaka ya kweli, basi haufai. Bara Hindi walilalamika hata wakapata sheria ya kuurudisha wakfu wa ukoo mwaka 1913. Afrika ya Mashariki hukumu ile iliendelea kutufuata. Kenya haikutunga sheria yake ya kuukubali wakfu wa namna hiyo mpaka mwaka 1951. Nusu karne na zaidi, majaji ambao hawakupata kuiona Lamu waliamua nani atalala katika nyumba ya Lamu.

Tutoke sasa pwani twende bara, ambako wengi wetu ndiko tulikozaliwa. Huko maandishi tunayopaswa kuyasoma kwa makini zaidi si ya Kiarabu wala ya Kiingereza. Ni kanuni za mila zilizotangazwa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali namba 436. Kazi ya kukusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ilikuwa imefanywa kwa sehemu kubwa na Hans Cory, mtaalamu aliyezaliwa Vienna akatumikia serikali ya kikoloni miaka mingi, aliyefariki mwaka 1962 kabla hajayaona matunda yake. Mimi huwapa wanafunzi wangu kanuni hizi wazisome kama wanavyosoma nathari yoyote, kwa sababu ni maandishi yenye mtazamo, ingawa yanajifanya hayana.

Kanuni zakubali wasia wa mdomo na wa maandishi. Wa mdomo wataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, mwenye wasia akijua kusoma na kuandika, wataka wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki, asipojua, wanne. Utaratibu huu una busara ambayo mawakili wa mjini wameisahau: ndugu peke yao waweza kula njama, na wageni peke yao hawajui shamba linaishia wapi. Juu ya mashahidi hao kanuni zaongeza mwingine. Mke wa mwenye wasia, au wake zake, wakiwapo nyumbani, nao washuhudie.

Msomaji atafakari sentensi hiyo. Kwa upande mmoja ni heshima, kwani mume hawezi kuandika kwa siri huku mke yuko jikoni. Kwa upande mwingine inatufunulia ni nani aliyefikiriwa kuwa mwenye wasia: ni mwanamume. Mke ameitwa kuona, hakuitwa kunena. Na kama mume hakuacha wasia, kanuni za urithi zilizomo katika tangazo lilo hilo zaweka madaraja matatu ya warithi: mwana mkubwa wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, kisha mabinti. Mjane hayumo. Yeye hana fungu maadamu wako jamaa wa ukoo wa marehemu. Fungu lake, zasema kanuni kwa maneno yaliyo laini sana, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara naona yana uzuri wa mithali na ukali wa notisi ya kuhama. Yanafanya kama kwamba watoto wote ni wema, wote wako hai, na wote ni wake. Mnamo mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilizipima kanuni hizi katika shauri la wajane wawili, ikakubali kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta; na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba wajane wale walikuwa wamekosewa haki.

Kuna kipengele kingine ambacho wazazi wenye watoto wakubwa hukisikiliza kwa masikio yote mawili. Baba aweza kumnyima mrithi urithi wake, lakini lazima amtaje na aseme sababu, na sababu zimehesabiwa: mtoto amezini na mke wa baba, amejaribu kumwua au kumdhuru vibaya baba, au mama yake mwenyewe, au alimwacha mwenye wasia katika njaa au ugonjwa pasipo udhuru. Chuki tupu haitoshi. Ni kanuni njema. Hata hivyo angalia mama alivyoingia humo: ameingia kama mwili usiopigwa. Kama mwenye shamba, hakuingia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyosema wazi katika Tanzania kwamba mwanamke aliyeolewa anayo haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuitoa, na kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja pasipo ridhaa ya mwenziwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi. Hawa mwenyewe alishindwa rufani yake. Lakini hiyo ni sheria ya walio hai na ya wanaoachana. Mke aliyekaa na mumewe mpaka mwisho aliweza kukuta haki yake ni nyembamba kuliko ya yule aliyetalikiwa, na sijamwona bado mtu wa kunieleza uadilifu wa jambo hilo.

Sasa niseme habari ya Nairobi, kwa kuwa inaonyesha kwamba elimu peke yake haimwokoi mtu. Silvano Melea Otieno, mwanasheria mashuhuri, Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager, alifariki ghafula tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa amemwoa Wambui Waiyaki, Mkikuyu, mwaka 1963, nao walikuwa na watoto wengi waliokwisha kukua. Mjane na watoto walisema kwamba marehemu aliwaambia azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye ardhi yake. Ukoo ulisema azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake. Kila upande ulileta mashahidi wa yale aliyoyanena. Upande wa ukoo hata mchimba makaburi alisimama kizimbani akieleza jinsi marehemu alivyomwomba amchimbie karibu na baba yake. Wasia ulioandikwa haukuwapo. Mtu ambaye aliishi kwa kuandika hati za wengine hakuacha karatasi moja.

Maiti ilingoja zaidi ya siku 150. Mahakama Kuu iliamua kwa ukoo, na tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikathibitisha: marehemu alizaliwa na kulelewa Mjaluo, na mila ya kwao ilimshika hata angeishi mjini namna gani. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, na mkewe hakwenda. Sidai kwamba karatasi ingezima ugomvi wote, kwa maana sheria ya maiti si sheria ya mali. Lakini tazama lililotokea kwa ule mzigo wa kwanza wa neno wasia. Maneno aliyoyanena chumbani kwa mkewe na maneno aliyoyanena kijijini yalikutana mahakamani, yakapigana, naye hakuwapo kusema lipi alilimaanisha. Yamkini aliyamaanisha yote mawili, kila moja mahali pake, kama wengi wetu tufanyavyo tunapowapenda watu wa pande mbili.

La ajabu ni kwamba Kenya wakati huo ilikuwa na sheria safi. Tume iliyoteuliwa mwaka 1967 ilikuwa imetoa taarifa yake mwaka 1968. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikalala miaka tisa, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ilisema waziwazi kwamba mwanamke, ameolewa au hakuolewa, anao uwezo wa kuandika wasia sawa na mwanamume. Ilikubali wasia wa mdomo pia, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, kwa sharti kwamba msemaji afe katika muda wa miezi mitatu. Akiishi zaidi, maneno yake yameanguka. Huu ndio mpaka ambao sheria iliweka kati ya ile mizigo miwili. Nasaha huishi maisha. Wasia wa mdomo huishi miezi mitatu.

Nimalizie kwa jambo la nyumbani kwetu Lushoto. Mwaka 2019 baba yangu, mwalimu mstaafu, alituita sisi watoto wake, sote watu wazima, akasema kwamba yeye na mama wanataka kutengeneza wasia wao. Alisema "wasia wetu", naye alikuwa amekwisha kuuandika kwa mwino mzuri wa kialimu, ukurasa mmoja na nusu. Mashahidi walikuwa wamekuja, mmoja wa ukoo na mmoja jirani. Pembeni palikuwa na mstari wa mama kutia sahihi, na chini ya mstari ameandika: shahidi.

Nilimwambia kwa adabu, "Baba, huu ni wako. Wa mama uko wapi?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akamtazama mama, kama mtu aliyeulizwa hesabu aliyoiruka. Mama alicheka. "Mwanangu," akasema, "mimi nina nini cha kuandika?"

Dada yangu ndiye aliyeanza kumhesabia. Cherehani, iliyotusomesha watatu kati yetu wakati mshahara wa baba ulipochelewa. Ng'ombe mmoja na ndama wake. Fedha za upatu, zamu yake ikiwa bado miezi miwili. Kishamba cha migomba alichokinunua kwa fedha ya ushoni, ambacho katika ukurasa wa baba kilikuwa kimewekwa katika fungu la kaka yangu mkubwa, kwa nia njema kabisa, kwa sababu kinapakana na la baba. Mama alikisikia kishamba kile kikitajwa akaacha kucheka. Aliomba karatasi.

Aliandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa kubwa, akitusomea kila mstari. Cherehani kwa binti wa mwisho. Ndama kwa mjukuu. Kishamba kwa mabinti wote, wasikiuze wakati mmoja wao anakihitaji. Kisha akaandika orodha ya watu wanaomdai na ya watu anaowadai, na hii ya pili ilikuwa ndefu, nasi tulijua majina yote. Mjomba akatia sahihi kwa upande wa ukoo wake, na jirani akatia ya mtu baki. Baba alikuwa ameinuka kwenda nje.

"Rudi, baba watoto," mama akamwita, "nawe ushuhudie."

Nilimweleza kwamba kanuni hazimtaki mume kushuhudia wasia wa mke. Hazikusema neno juu ya hilo.

"Wewe umesoma kanuni," alisema. "Mimi namwita mume wangu." Na kwa kuwa baba hakupewa kitu katika karatasi ile, palikuwa hapana kizuizi. Alikaa, akavaa tena miwani yake, akaisoma yote toka juu hata chini, akauliza jina moja katika wadaiwa, akatia sahihi. Halafu alivuta ukurasa wake mwenyewe, akakata mstari wa kishamba cha migomba, akaomba mashahidi wake waandike majina yao upya pembeni mwa mkato.